Maneno ya Kumsindikizia Mgeni

Xaveria wa Chonyonyo hakuwa mtu wa kulalamika, na tabia hiyo njema ndiyo iliyokaribia kumfanya mwanawe azeekee mahabusu.

Mwana mwenyewe ni Gideon, fundi wa kuezeka mabati, asiyejua hata kuendesha pikipiki. Lakini pikipiki ya Theoneste, bodaboda wa pale kijijini, ilipopotea, Gideon ndiye aliyeonekana mara ya mwisho ameiegemea, na kuegemea kukatosha. Wiki ya tatu ikapatikana nyuma ya kilabu cha rubisi kule Kihanga, pale pale Theoneste mwenyewe alipoiacha siku aliyozidiwa na kinywaji. Theoneste akaenda kituoni kueleza. Akaambiwa maelezo yake yataingizwa kwenye jalada, ila jalada lenyewe hakuna aliyejua liko kwenye meza ya nani. Basi akaiosha pikipiki yake akaendelea kubeba abiria. Gideon akabaki ndani. Kila alipofikishwa mahakamani upelelezi ulikuwa haujakamilika, na siku nyingine hakufikishwa kabisa, eti gari halina mafuta. Miezi kumi na minne ikapita hivyo, kilichoibwa kikitanua barabarani na mwizi wake akisubiri ushahidi.

Kisha ikasikika kwamba kuna shirika la utafiti, Dirisha la Haki, linapita Karagwe na Kyerwa likiuliza habari za magereza na kesi zinazokawia, na kwamba lina wakili wake. Xaveria alishika neno wakili tu, hayo mengine aliwaachia wenyewe. Akapanga atakayosema, kuanzia kuegemea hadi mafuta ya gari, akayakariri asubuhi mbili mfululizo huku akimenya ndizi.

Mtafiti alikuja siku ya Jumanne. Aliitwa Rogasian, kijana wa Muleba aliyesomea Dar es Salaam, na alishuka garini na kishikwambi mkononi. Xaveria akampa kiti chenye mgongo, akamwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

"Shikamoo, mama. Habari za hapa?"

"Marahaba. Nzuri, waitu. Karibu."

"Mama, kuanzia moja mpaka tano, tano ikiwa ni kuridhika sana, unaridhika kiasi gani na kesi ya mwanao inavyokwenda?"

"Tano," akasema Xaveria.

Usimcheke. Mgeni mwenye kahawa mdomoni hamwagiwi shida. Kwao shida zina mahali pake, na mahali pake ni njiani. Mgeni akiaga, mwenye nyumba huinuka naye, wakapita migombani taratibu hadi barabarani, na huko ndiko mtu anakosema kilichomkaa rohoni. Yale ya ndani ya nyumba ni adabu tu. Hata bibi yake Rogasian kule Muleba alifanya hivyo maisha yake yote, ila mafunzo ya watafiti hayakuwa na kipengele cha bibi.

"Askari wanawapokeaje mnapokwenda kumwona?"

"Vizuri."

"Chakula?"

"Anashiba."

Maswali yalikuwa arobaini na mawili, na Xaveria aliyajibu yote kwa ukarimu. Rogasian akashukuru kwa ushirikiano, akatoka. Gari lilikuwa limeegeshwa mlangoni kabisa, likikaribia kuingia sebuleni. Xaveria alikuwa bado chumbani anatafuta kanga ya kujitanda amsindikize, akasikia mlango wa gari ukifungwa. Alipotoka alikuta vumbi. Akasimama hapo na kanga yake mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Gideon akamatwe, akalia.

Miezi miwili baadaye wote waliohojiwa waliitwa Kayanga kusikiliza matokeo. Kulikuwa na maji ya chupa na picha za rangi ukutani. Ikaonekana kwamba Chonyonyo ndiyo kata inayoridhika kuliko zote. Nyumba kumi na moja zenye ndugu mahabusu, na zote zimetoa tano. Wakubwa wakapiga makofi. Ikatangazwa pia kwamba wakili amepangiwa familia zilizotoa moja na mbili, kwa kuwa hizo ndizo zenye shida. Xaveria akageuka kumtazama jirani yake Kokubanza, ambaye mumewe naye alikuwa ndani. Kokubanza akatazama chupa yake ya maji. Hakuna aliyetaka nyumba yake iwe ile iliyomtia mgeni aibu.

Mkutano ulipofungwa, Xaveria alimfuata Rogasian nje, safari hii kanga ikiwa tayari mabegani.

"Twende nikusindikize."

"Usijisumbue, mama. Gari lile pale."

"Litakuja nyuma."

Rogasian alifungua mdomo akataka kukataa, halafu kitu kikamgusa katika ile sauti. Akampungia dereva mkono. Wakashika barabara ya Omurushaka, mama na mtafiti mbele, gari likijivuta nyuma yao, na Xaveria akasema yote. Alisema kwa utulivu, bila kuruka kitu, na alipofika kwenye mafuta ya gari Rogasian alikuwa ameshaacha kuandika.

"Mama, kwa nini siku ile hukuniambia?"

"Siku ile hukuniachia nikusindikize."

Wakili akaenda. Theoneste alifika mahakamani kwa pikipiki ileile iliyoibwa, akaiegesha chini ya dirisha, na kesi ikaondolewa kabla ya saa nne asubuhi. Mume wa Kokubanza naye akapata wakili, na wale wengine wakafuata, kwa maana wiki ile Rogasian alirudi Chonyonyo akasindikizwa na nyumba zote kumi na moja hadi viatu vikaachama. Matokeo yenyewe hayakurekebishwa, takwimu zilikuwa zimeshafungwa. Badala yake shirika likapanga utafiti mwingine, wa miaka miwili, kuhusu sababu za wananchi wa Chonyonyo kuridhika.

Gideon akarudi nyumbani akiwa amekonda, mashati yote yakimpwaya. Xaveria akamkalisha kwenye kiti kile chenye mgongo, akamwekea kahawa.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Nzuri tu, mama."

"Mlikuwa mnakula?"

"Tulishiba."

"Na kulala?"

"Vizuri, mama. Hakuna tatizo."

Xaveria alimtazama mwanawe akitafuna kahawa taratibu, macho yameganda sakafuni. Hakumuuliza la nne. Aliingia chumbani, akatoka amejitanda kanga.

"Inuka," akasema. "Nisindikize kwa Kokubanza."

Wakapita migombani taratibu. Walipofika barabarani, Gideon akaanza kusema.