Sindano Kabla ya Kumpakata Mjukuu

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na nadhani nitaingia nayo kaburini. Ni siku mama mkwe wangu alipokataa kumpakata mtoto wangu wa kwanza.

Tulikuwa Tanzania, kambini, sisi Warundi tuliokimbia tukiwa bado wasichana. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa kiume, mweusi tii, mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima, na nilijivunia kuliko hata baba yake. Kwetu mtoto akizaliwa watu huja. Wanaleta uji, wanaleta kuni, na kila anayeingia humpokea mtoto, akamnusa, akamkagua masikio, akamkabidhi mwenzake. Mtoto anazungushwa nyumba nzima kama sahani ya chakula. Ukimkataza mtu kumshika mtoto wako, umemwita mchawi. Na mtu akikataa kumshika, amekuambia mtoto huyo si wa ukoo wao.

Basi mama mkwe alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa kambi, amejifunga kitenge chake cha kanisani, kibuyu cha uji kichwani. Nilimsikia akikohoa kabla sijamwona. Akaweka kibuyu kizingitini, akarudi nyuma, akakaa chini kwenye vumbi, mgongo ukutani, upande wa nje. Nikamtolea mtoto. Akapunga mkono kama anayefukuza kuku.

"Mrudishe ndani."

Mbele ya majirani! Nilirudi ndani nikiwaka. Nikasema kwa sauti, ukuta wenyewe ulikuwa udongo mwembamba na nilijua anasikia: "Basi asimtake. Tutaona siku atakapohitaji mjukuu wa kumchotea maji."

Alinijibu. Alichonijibu nitakuambia, lakini kwanza nikufikishe Louisville, Marekani, maana nilikisahau miaka mingi sana na ni huko kiliponirudia.

Huko naishi mtaa wa South End. Wengi wa jirani zangu wanafanya kazi maghala na viwandani, na akina mama wanapokwenda kazini, watoto wadogo wananiachia mimi. Nawapikia, nawafuta kamasi, nawauliza kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, tunaelewana. Binti yangu Imelda yuko Columbus, mahali panaitwa Whitehall, yeye na mumewe Yona. Anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Imelda alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto. Sitaki kusema mengi hapo. Wewe jua tu kwamba aliponiambia ana mimba, nilikaa chini sakafuni jikoni na sufuria mkononi.

Ilikuwa wazi kwamba nitakwenda. Nani mwingine angemkanda mzazi, nani angempikia uji wa mtama maziwa yatoke? Nilikuwa nimeshaanza kukusanya dagaa na unga. Ndipo akapiga simu.

"Mama, kabla hujaja, ukachomwe sindano ya mafua."

"Nilichomwa mwaka juzi."

"Ile imekwisha nguvu. Ni ya kila mwaka, Mama. Mafua yanabadilika, na sindano wanaibadilisha."

"Mbona mimi sibadiliki?"

Akacheka, lakini hakulegea. "Kila atakayemshika mtoto awe amechomwa. Yona amechomwa. Mimi nimechomwa, na tumbo langu hili."

"Imelda! Nimelea watoto saba kwa mgongo huu. Wewe ukiwa mmoja wao. Leo nichomwe ndipo nimguse mjukuu wangu?"

"Mtoto mchanga hawezi kuchomwa ya kwake mpaka afikishe miezi sita. Mpaka hapo kinga yake kubwa ni sisi tunaomzunguka. Mimi kazini naona wazee wanavyolazwa na mafua, Mama. Si kamasi tu. Usinifanye nikufungie mlango."

Nikamwambia anipe Yona. "Yuko bafuni," akasema. Wiki ile kila nilipopiga simu mkwe wangu alikuwa bafuni. Simlaumu. Kwetu mkwe hasimami mbele ya mama mkwe kumwambia afunue bega.

Nilikata simu bila kuaga. Mwanangu, usidhani niliogopa maumivu ya sindano, nimezaa saba. Niliogopa mambo mengine, na yalinijia yote kwa pamoja kama watoto wa shule wanaposhuka kwenye basi. Ile sindano ya mwaka juzi ilinifanya mkono uwe mzito kama gogo, mwili ukachemka, nikalala nikitetemeka hadi kesho yake, na tangu hapo nilikuwa nimewatangazia watu kanisani kwamba wamenitia ugonjwa. Na baridi iliyofuata, jirani yangu aliyechomwa bado aliugua mafua yakamwangusha kitandani. Sasa ya nini?

Halafu kulikuwa na mdogo wangu Skolastika, aliye Buffalo, huko kwenye theluji ya kufika madirishani. Yeye hutuma sauti kwenye simu kutwa nzima. "Dada, usikubali! Ukiwa mzee wanakumalizia. Mtu mmoja wa huku alichomwa, sasa hata jina lake halijui." Nilimuuliza ni nani huyo mtu. Akasema hamjui, aliambiwa.

Na kulikuwa na hofu ya ndani zaidi. Kambini tulichomwa sindano nyingi. Kipenga kilipigwa, tukajipanga mstari, tukachomwa kama mbuzi wanavyotiwa dawa, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuuliza. Ukiugua, umeonewa, ukipona, Mungu ni mwema. Sasa naulizwa. Kumbe kuulizwa ndiko kugumu! Nikikubali nikapatwa na jambo, nimejitakia. Nikikataa akapatwa mtoto, nimemletea mimi. Nilizunguka na maneno hayo kutwa nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya nyumba yake.

Asubuhi moja nilikuwa nawavua makoti wale watoto ninaowalea. Mmoja, wa mama Feza, Mkongomani wa ghorofa ya juu, akanipigia chafya usoni. Usoni kabisa, mwanangu, mpaka kwenye kope. "Sori, Bibi," akasema, akaenda kwenye katuni zake. Nikabaki na koti mkononi, uso umelowa, nikawaza: hiki alichonipa nitakipeleka Columbus kwenye shavu la nani?

Na hapo ndipo mama mkwe wangu aliponirudia kichwani. Nilimsikia kabisa, sauti yake ikipita kwenye ukuta wa udongo.

"Wewe binti, unadhani sitaki? Mikono inaniwasha kwa kumtaka. Lakini kifua hiki hakijui kwamba mimi ni bibi yake. Kitamkoholea kama kinavyomkoholea mtu yeyote. Endelea kunichukia. Mtoto wako akikua utanichukia ukiwa na mtoto."

Msimu ule kikohozi kilikuwa kinachukua watoto wachanga. Wenzetu wa nyuma ya nyumba walikuwa wametoka kuzika mtoto wao. Mimi nililijua hilo, na bado nilitaka ashike, kwa sababu majirani walikuwa wanaangalia. Alikuja kila siku, akaacha uji kizingitini, akakaa pale nje akimsimulia mtoto habari za ng'ombe wa babu yake waliobaki Burundi. Nami nilinuna ndani. Kikohozi kilipokwisha aliingia, akamchukua, hakunikumbusha lolote. Kama angemshika siku ile ya kwanza, labda lisingetokea jambo. Sitajua kamwe. Ukimlinda mtu vizuri, huna kitu cha kuwaonyesha watu.

Nikapanda ngazi kwa mama Feza nikamwambia anipeleke duka la dawa.

"Bon, Bibi, tuende sasa hivi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa, funguo za gari tayari mkononi, "donc usinigeukie njiani."

Nilimgeukia njiani mara mbili. Aliendesha tu.

Dukani nilimhoji kijana anayechoma sindano kama polisi, mama Feza akitafsiri. Utanitia mafua? Akasema hapana, kilichomo kimekufa, hakiwezi kukupa mafua. Mkono utauma, mwili unaweza kuchemka siku moja au mbili, ni mwili unajifunza. Nitakuwa salama kabisa? Akasema hapana tena. Kuna miaka inafanya kazi vizuri na miaka inafanya kidogo, na hata hivyo wengi waliochomwa wakiugua hawaangushwi vibaya. Akasema pia inataka kama wiki mbili ndipo ishike, nisichomwe leo nikapande basi kesho. Aliposema si kinga kamili ndipo nilipomwamini. Mtu akiniambia bidhaa yake haina kasoro hata moja, mimi hufunga mkoba wangu. Nikafunua bega. Mama Feza akanishika mkono mwingine, akanicheka: "Bibi mzima!"

Mkono uliuma. Nilichemka kidogo jioni. Nikaamka.

Mjukuu akazaliwa mwisho wa Novemba, mvulana, na mimi nikapanda basi na unga wangu na dagaa wangu, nikijiona shujaa. Kabla ya kufika Cincinnati koo likaanza kuwasha. Nikameza mate, nikala peremende, nikajiambia ni joto la ndani ya basi. Tulipoingia Columbus nilikuwa nakohoa kama mtu mwenye gunia kifuani.

Yona alinipokea kwa gari. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa, kitenge mdomoni, dirisha wazi, na baridi ile. Niliona macho yake kwenye kioo cha dereva.

Nyumba yao iko ghorofa ya chini, ina mlango mkubwa wa kioo. Imelda akaufungua kabla sijafika, anachechemea bado, uso umevimba kwa usingizi na furaha, mtoto kwenye mikono. Akamnyoosha kwangu. "Mama! Mchukue basi!"

Mwanangu, nilimwona. Ana paji la uso la marehemu mume wangu. Mikono yangu ilinyanyuka yenyewe. Nikaishusha, nikarudi nyuma.

"Mrudishe ndani."

"Lakini Mama, si ulichomwa?"

"Nilichomwa ya mafua. Hiki sijui ni nini, na kifua hiki hakijui kwamba mimi ni bibi yake."

Uso aliofanya naujua, nimewahi kuuvaa. "Umetoka Louisville," akasema, machozi yameshafika, "uje ukae nje?"

"Ndiyo. Funga, baridi inaingia."

Nikaweka unga na dagaa mlangoni. Nilifikia kwa mjane wa kanisani kwao, mwenye chumba cha pembeni, nikawa nakula na kulala peke yangu humo. Na kila mchana nilikuja kukaa nje ya kile kioo kwenye kiti cha plastiki, koti la Yona juu ya koti langu. Siku ya kwanza Imelda alivuta pazia. Alivuta pazia, mwanangu! Nikakaa hivyo hivyo nikitazama maua ya pazia. Siku ya pili nikampigia simu nikamsimulia habari ya bibi yake na kibuyu cha uji, yote, hata maneno mabaya niliyosema mimi. Kisha pazia likasogea. Akaweka simu kando ya sikio la mtoto, akamgeuza uso kwenye kioo, na mimi nikamsimulia habari za ng'ombe ambao hata mimi sikuwahi kuwaona.

Skolastika alipiga kutoka Buffalo, anacheka mpaka anakosa pumzi. "Umechomwa na bado unakohoa! Si nilikuambia, dada?"

"Skolastika, nimefunga mlango mmoja, sasa nalinda wa pili. Wewe endelea kucheka."

Mpaka leo hajachomwa. Mpaka leo tunagombana, na mpaka leo akija kwangu namuuliza kwanza kifua chake kabla sijamkumbatia.

Siku moja Yona alitoka na chai. Akainama, akaiweka karibu yangu, akasema akitazama chini, "Asante, Mama." Kwa mkwe wangu huyo, hiyo ni hotuba.

Kikohozi kilipoisha sikuingia mbio. Nilingoja tena kidogo, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Imelda akamlaza kwenye mapaja yangu. Nikamnusa. Akanikojolea kitenge.

Sasa sikia, mwanangu, wewe unayejiuliza kila vuli uende au usiende. Nenda. Kama una ugonjwa fulani au sindano iliwahi kukudhuru vibaya, muulize daktari kwanza, lakini muulize daktari, si sauti ya kwenye simu ya mtu asiyejua jina la aliyeugua. Nenda na hofu yako, kaa nayo kwenye kiti, ifunulie bega. Usingoje hofu iishe. Yangu haijaisha, nami huenda kila mwaka. Na ukishachomwa usijione umepewa ruhusa ya kukohoa popote. Ukiwa mgonjwa kaa nje, hata kama umesafiri, hata kama wanakutazama, hata kama anayekulilia ni binti yako. Na wewe mwenye mtoto, bibi akikataa kumshika mtoto wako, usivute pazia. Mpe kiti.

Mungu akupe mikono inayotamani kushika, na akupe nguvu ya kuiteremsha inapobidi. Akujalie wajukuu wenye kelele nyingi, na kifua kikavu cha kuwasimulia. Na siku utakayokaa nje ya mlango kwa ajili ya mtu, awepo wa kukuletea chai.