Valvu Isiyo na Pampu

Ipo siku moja naikumbuka kila nishikapo pampu, mjukuu wangu. Jana wewe unayesomea ufundi uliniuliza kama baiskeli zetu zinahitaji valvu mpya, vile vijimdomo vya kujazia upepo, zote za aina moja, nami nikainama kujaza gurudumu langu. Sikukudharau. Nilikuwa namkumbuka dada yangu Zuhura.

Nilikuwa kijana wa Ngorongo, hapa bondeni kwetu, mpenda sifa kupita kiasi. Nilitoka Dar na tyubu zenye valvu nyembamba, ndefu, za kung'aa, nikazitia kwenye baiskeli yangu. Fundi wetu, Mzee Salumu, alizitazama akacheka.

"Nzuri. Na pampu yake iko wapi?"

Nikamwona mshamba.

Wiki haikuisha, Zuhura akashikwa na uchungu wa kuzaa. Nikampakia kwenye keria nimuwahishe zahanati. Katikati ya mashamba ya mpunga, gurudumu la nyuma likaisha upepo. Watu wakatoka na pampu zao, nyumba hii na nyumba ile. Hakuna hata moja iliyoshika valvu yangu. Zuhura kakaa chini, anamwomba Mungu huku ananitazama. Hofu ile sikuombei.

Akatokea mama mmoja anakokota baiskeli chakavu yenye gunia la mpunga. Hakutujua. Alilishusha gunia palepale njiani.

"Mpakie dadako kwenye hii yangu, baba. Ikiisha upepo, piga hodi popote."

Na kweli, mbele ya safari nayo ikaisha upepo. Nikapiga hodi, akatoka mzee na pampu, akajaza, akasema tu, "Haya, wahini." Hata jina hakuniuliza. Mpaka leo nastaajabu, mjukuu wangu: bonde zima, watu wasiojuana, na kila mlango una kitu cha kumfikisha mgeni aendako, kwa sababu ya valvu ya kizamani niliyoidharau mimi.

Tulifika. Zuhura hakumaliza hata kupanda ngazi vizuri, mtoto akatoka. Mtoto yule ndiye mama yako.

Kwa hiyo, valvu yako mpya ilete, sikukatazi, huenda ni bora. Ila kwanza hakikisha pampu yake imefika hadi nyumba ya mwisho bondeni. Kabla ya hapo itakuwa pambo lako peke yako, na atakayeumia ni mtu uliyempakia nyuma.

Mungu akupe mikono yenye akili, na ukikwama njiani akukutanishe na watu kama yule mama. Amina.