Nilivyokisindikiza Cheti kwa Halua

Mpwa wangu Mwanaidi alipewa cheti cha wanafunzi bora wa Pwani, na chuo cha ualimu kikamwita kwa mahojiano. Mimi niliyeacha shule darasa la sita nilijifanya mjuzi. Nilidhani cheti kile ni cha kutuonea huruma tu watu wa Pwani, kwa hiyo hakingetosha peke yake. Nikanunua kilo ya halua Mishomoroni, nikavaa kanzu, nikamfuata chuoni kama mshenga.

"Mjomba, hiyo ya nini?" akaninong'oneza mlangoni.

"Nyamaza, mwanangu. Haya ni ya watu wazima."

Nikaiweka halua mezani kwa mkuu wa chuo. "Mama, mtoto wetu ana kikaratasi tu. Tusaidie."

Mama yule akakisoma cheti taratibu. "Kikaratasi? Hesabu amewashinda Pwani nzima. Cheti hiki kilimtosha." Akaisukuma halua kwa ncha ya kalamu. "Hii ndiyo inayoweza kumnyima nafasi."

Mwanaidi akainua uso, machozi yakimlenga.

"Mwalimu, msamehe. Kwetu hakuendwi kuomba mikono mitupu, naye hakujua kwamba mimi sikuja kuomba."