Mkono Uliozoea Leso

Mimi kazi yangu Guangzhou ni kumfuata shangazi kwenye maduka ya nguo ya Zhanqian na kubeba anachonunua. Lakini kichwani mwangu mimi ni mvishaji wa maharusi, nina duka Mombasa lenye kioo kikubwa mlangoni. Kwa hiyo niliposikia kuwa mwanamke wa Kitamil, fundi wa blauzi anayeishi ghorofa ya chini yetu hapo Xiaobei, anatafuta msaidizi, nilishuka ngazi kabla sijamaliza chai.

Yeye ametoka Sri Lanka. Wauza chai wa kwao walikuwa na kibanda kwenye maonyesho ya Pazhou, na wasichana wa kumimina chai walitakiwa wavae osariya, yaani sari jinsi wanavyoivaa wanawake wa Kisinhala, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwavisha. Mwenyewe sari yake ya Kitamil huikunja mbele na ncha akaitupa begani. Osariya ina mambo zaidi: kiunoni inaachiwa marinda yanayoning'inia, na ncha inakunjwa nyembamba, ikabanwa kwa pini bega la kushoto. Alifundishwa na majirani zake wa Kisinhala tangu usichana. Msaidizi atakayeenda naye Pazhou ndiye angebaki naye cherehanini baadaye. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa.

Nikamwita Akka, dada mkubwa kwa lugha yao, akafurahi. Kila alasiri nilikuwa kwake. Alinionyesha sari za pamba zilizofumwa kwa mkono, akanishikisha upindo nisikie nyuzi zilivyo nzito pale rangi zinapokutana. Nilijiona nimeshafika.

Basi mwenzangu wa chumbani akaja kuazima pasi. Huyu ni binti wa Nairobi, anasoma chuo kikuu kwa ufadhili, mambo ya kompyuta. Akasimama kutazama.

"Hiyo ni kukunja tu, ama?" akauliza.

"Jaribu," Akka akamwambia.

Akajaribu. Mikunjo ikatoka sawasawa, kama kurasa za kitabu kipya. Akka akamshika mkono akaugeuzageuza, akautazama. Mimi hakuna siku aliyonitazama mkono. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nahesabu. Huyu ana chuo, ana ufadhili, ana simu ambayo kioo hakijapasuka. Hata hili dogo alitake?

Kuanzia hapo tukawa tunashuka wawili. Akisifiwa, mimi najikuta nazitafuta pini sakafuni.

Siku ya kuchagua, Akka aliwaleta wasichana wawili wa kibandani, kila mmoja wetu amvishe wake. Nikajiambia, mtoto wa Mombasa ashindwe kumfunga mtu nguo? Leso nimejifunga tangu sijajua kuhesabu, tena bila pini, na nikapanda ukuta nayo isifunguke. Nikamzungushia wangu, nikakaza, nikachomeka, nikakaza tena. Nilimaliza wa kwanza. Mwenzangu bado alikuwa anapuliza puliza marinda yake.

"Tembeeni," Akka akasema.

Wa mwenzangu akatembea, marinda yakicheza kiunoni. Wangu akapiga hatua fupi fupi kama bata, akaomba kiti.

Akka alicheka mpaka akashika ukuta. "Mdogo wangu, huyu atamimina chai, hasafirishwi kwa kontena."

"Leso ndivyo inavyofungwa," nikasema.

"Najua. Mkono wako umeshazoea kukaza. Wa mwenzako haujazoea kitu." Akanipapasa shavu, na mpapaso ule ukaniuma kuliko kicheko. "Pazhou nitakwenda naye."

Mwenzangu akanigeukia. "Umekasirika?"

"Nani, mimi?"

"We, jo, macho yako."

"Ni mvuke wa pasi."

Asubuhi ya maonyesho niliwabebea begi la sari mpaka mlango wa metro, maana lilikuwa zito. Mwenzangu alikuwa amechomeka pini kwenye ukosi, safu nzima, kama fundi wa miaka. Akaninong'oneza kuwa anaogopa, nimwombee. Nikamkumbatia kwa uangalifu, pini zisinichome, nikamwambia atafanya vizuri, na nilimaanisha. Wakashuka ngazi. Nikabaki hapo juu nikimwombea kweli, amfurahishe Akka, watu wamsifu. Ila marinda mawili matatu, Mungu wangu, yafunguke.