Mshahara Nao Huzeeka

Nilipoolewa nilikuwa na miaka ishirini na moja, mume wangu arobaini na tano. Alikuwa fundi wa mitambo bandarini Kigoma. Mashoga zangu wa Ujiji walinipasulia: "Wewe umeolewa na mshahara." Sikubisha. Kwetu tulikuwa tunalala njaa, na mama aliniambia mwanaume mtu mzima ameshamaliza pupa zake. Akanitunza kweli. Mapenzi yalikuja taratibu, nikiwa tayari nanyonyesha.

Ambacho sikuambiwa ni kwamba mshahara nao huzeeka. Alistaafu watoto wetu wadogo wangali shule ya msingi, na mafao yakachelewa. Nikaanza kuuza mawese kwa chupa mlangoni, hapo Katubuka.

Miaka hiyo watu walikuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Mama mmoja wa ng'ambo tulimhifadhi uani kwetu kabla hajapelekwa kambini. Akayatazama mafuta yangu, akasema, "Dada, pika sabuni. Watu wamefika mikono mitupu, wote wanataka kufua." Akanifundisha kuchanganya mawese na magadi, kumimina kwenye kisanduku cha mbao, na kukata kwa waya.

Niliogopa mume wangu ataona nimemdharau. Lakini siku ya kwanza mkono uliponiishia nguvu kwenye pipa, alitoka ndani amevaa ovaroli yake ya bandarini, akanipokonya mti wa kukorogea.

"Pumzika, mama watoto. Kuzungusha ndiyo kazi yangu."

Tangu hapo yeye akakoroga, mimi nikauza hadi Kidahwe. Nikirudi nakuta ugali umefunikwa na watoto wameoga. Majirani wakimcheka kwamba amegeuzwa mke, anajibu, "Huyu ndiye bosi wangu. Hajachelewesha mshahara hata mara moja."

Jioni moja akaniuliza, bila hasira, "Uliolewa na mshahara, siyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na sasa umebakia na nini?"

Nilichukua mikono yake iliyochubuliwa na magadi, nikaipaka mawese kidole kwa kidole. Akafumba macho, akaniachia.

Tulikaa hivyo miaka mingi, yeye akizidi kudhoofika, mimi nikizidi kumbeba. Mzee aliondoka duniani kitinda mimba wetu akiwa ameshaanza kazi. Wazee wa mtaa walinipa pole kwa kuachwa mjane ningali na nguvu. Nikapokea. Hawakujua kwamba nguvu hizo nilishazitumia zote kwake, na kama ningekuwa na nyingine, ningempa.