Jumapili Nilipomhamisha Mzee Yohani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia nafunika uso kwa kitenge. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza tumerudi kutoka Tanzania, nikapata kazi katika hii hii nyumba ya wazee hapa Gitega. Niliipendea jambo moja tu: unalala hapo hapo unapofanya kazi. Mi ni mtu wa nyumbani tangu tumboni. Mama alisema hata kuzaliwa nilichelewa.

Kulikuwa na Mzee Yohani, mwenye kiti cha magurudumu. Kila Jumapili alitaka akae langoni, juani, kwa sababu mdogo wake Anjela alikuja mara chache kutoka Gashoho, kule Muyinga, na akifika macho yake yalitangulia pale. Siku ile jua lilikuwa kali, nami nilitaka kivuli. Kivuli changu, nisidanganye. Nikamsukuma mzee hadi nyuma ya jiko, nikakaza breki, nikakaa kando yake kuchambua maharage.

"Sijakuomba kivuli," alisema.

"Utanishukuru, mzee," nikamjibu, nikacheka. Ujana una majibu mengi kuliko masikio.

Anjela akaja. Akapaona langoni patupu, akadhani kaka yake amefariki. Hakuuliza. Wazee wa kilimani kwetu hawamuulizi mlinzi habari za kifo. Habari ya kifo huambiwa na ndugu, ukiwa umekaa. Akaweka kapu lake chini, akageuka arudi Gashoho kuwakusanya ndugu kwa matanga.

Mlinzi alipoleta kapu jikoni, akisema kuna mama ameondoka analia, Mzee Yohani alikitazama kifuniko cha kapu kilichosukwa na mdogo wake, kisha akanitazama mimi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa nisukume. Leo nimekuomba."

Mwanangu, nilikimbia. Mimi, ambaye hata mvua hunikuta natembea! Kiti kiliruka mashimo, ndala moja ikabaki njiani, waendesha pikipiki wakatushangilia kama mashindano ya baiskeli. Mzee alishika kofia na kuniongoza: "Kushoto. Buretse, ngoja, kuna jiwe. Haya, twende." Tulipofika kwenye magari ya Muyinga, Anjela alikuwa ameshakaa dirishani, kitenge machoni.

Akashuka polepole, akamshika mashavu. "Yohani, we iko mzima? Na mi nimeshaanza kukulilia."

"Basi endelea kidogo," akasema mzee, "nisikie kama ulinipenda."

Wakacheka, kisha wakalia wote wawili. Nami nikalia, ingawa hakuna aliyenialika.

Tuliporudi, taratibu safari hii, mzee aliniambia: "Binti, hiki kiti ni miguu yangu. Wewe mtu akikushika miguu akuhamishe bila neno, utamwitaje?" Nikasimama, nikamuuliza anataka kwenda wapi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika siku ile; lilisubiri. Sasa magoti yamegoma, nami nimekalia kiti kama kile, katika nyumba ile ile. Mtu wa nyumbani kapewa nyumba yenye magurudumu, na bado haendi popote! Juzi muuguzi mgeni, msichana mwema, alinitoa dirishani bila kuniuliza, katikati ya umbea mtamu wa barabarani. Sijui mpaka leo yule mwenye mbuzi aliyekuwa akibishania bei alishinda au alishindwa.

Kwa hiyo mwanangu, ukija kututembelea, usianze na mikono. Zunguka mbele, tukuone uso. Salimia, kisha uliza: tunakwenda wapi? Tukisema hatuendi, kaa nasi hapo hapo. Mzee anayekaa juani huenda anamngoja mtu, na jasho lake si kazi yako kulifuta kabla hajakuomba. Kabla hujafa hujaumbika.

Mungu akupe miguu ya kutosha safari zako zote. Na siku miguu hiyo itakapochoka, akuletee mikono inayouliza kwanza, na ndugu atakayekutafuta kwa macho langoni, akukute.