Sala Aliyobaki Nayo Mama

Mtaani walimwita Fundi, na hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Alishonea sebuleni, cherehani ikiwa dirishani, na sare za shule zikiwa zimerundikana kwenye kochi la wageni. Chumba cha pili alilala mama yake. Mlango wa kati haukufungwa kamwe, maana mama, alipokuwa bado akitembea, aliwahi kufungua bomba akaliacha limwage maji mpaka barazani.

Mama alikuwa mtu wa dini hasa. Alizaliwa katika dini nyingine, akaingia hii ya mumewe alipoolewa, na akaishika kuliko wengi waliozaliwa ndani yake. Aliongoza kundi la akina mama mpaka kichwa kikawa cheupe pe. Ukikosea sala mbele yake alikusahihisha papo hapo, uwe nani uwe nani. Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia polepole. Yalianza kupotea majina ya wajukuu, ikafuata njia ya sokoni, halafu jina la Fundi mwenyewe. Asubuhi moja alimwita dada, nyingine alimwita binti wa kazi.

Akina mama wa kundi walikuja kila wiki kusali naye. Siku moja mwenyekiti wao akamwomba mama afunge kikao kwa sala. Mama akafumba macho, na sauti ikatoka nzuri, bila kusitasita hata kidogo. Lakini ilikuwa sala ya dini ya kwao, ile aliyofundishwa utotoni. Aliimaliza yote, akajipangusa uso, akauliza kama chai iko tayari.

Wageni wakatazamana. Chai yenyewe waliinywa mbiombio.

Habari zikamfikia kaka yake Fundi dukani. Mtaa ulimwita Sementi kwa sababu ya bidhaa alizouza, ingawa waliomjua vizuri walisema ni kwa sababu ya kichwa chake. Kesho yake alikuja na kiongozi wa ibada pamoja na mzee mmoja, mstaafu wa posta. Fundi akaondoa sare kwenye kochi, akazibeba begani kwa kukosa pa kuziweka. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na sketi za malinda bado hazijapigwa hata pindo.

"Swali letu ni dogo tu," kiongozi akaanza. "Mama ni mwenzetu wa kweli, au miaka yote hii mwili ulikuwa huku na moyo kule?"

"Mgonjwa huyo," mzee wa posta akasema. "Mgonjwa anahesabiwa maneno?"

"Ndilo tatizo lenyewe, mzee wangu. Kila kitu kimefutika, kimebaki kile. Huoni kwamba kile ndicho kilichokuwa chini kabisa?"

"Mimi nawaza mazishi," Sementi akaingilia. "Akituondokea leo, nani atamsalia?"

"Bado hajafa, kaka," Fundi akasema. "Yuko hapo ndani, na masikio yake mazima."

Kama aliyesikia anatajwa, mama akaita. Alikuwa amelowa. Fundi akamgeukia kaka yake. "Njoo unisaidie kumwinua basi, leo mgongo hauniachii."

"Ngoja tumalize hoja hii."

Akaingia peke yake. Akamwinua mama kwa tabu, akamvua, akamfuta, akabadilisha shuka, huku huko sebuleni wanaume wakibishana kama imani ni kutamka, kutenda au kukusudia. Alipotoka na furushi la shuka mbichi akapita katikati yao. Wote watatu wakainua miguu ili wasiguswe.

Uvumilivu ukamwishia hapo. "Jana mama kaniita binti wa kazi. Kwa hiyo mimi si mwanawe?"

"Huo ni mfano wa aina nyingine," kiongozi akasema.

Walipoondoka walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: akina mama waache kwanza kuja, mpaka hali ieleweke. Mzee wa posta alinyanyua mabega mlangoni kama anayeomba radhi. Fundi hakumpa mkono, mkono ulikuwa na shuka.

Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba maneno yao yalimwingia. Siku iliyofuata aliacha cherehani, akavuta kigoda karibu na kitanda, akaanza kumfundisha mama sala kama anavyofundishwa mtoto mdogo. Mama alirudia mstari wa kwanza, akapotea kwenye wa pili. Wakaanza upya. Akapotea tena. Safari hii akatabasamu, akajiingilia katika ile ya kwao kama mtu aliyeona mlango wa nyumbani.

"Siyo hiyo!" Fundi akapiga kofi juu ya meza mpaka kikombe kikaruka. "Siyo hiyo, mama!"

Mama akaanza kulia. "Nimekosa nini, dada?"

Fundi akamkumbatia, akambembeleza, na hasira yote ikabaki kifuani bila pa kwenda. Alijichukia, akamchukia Sementi, akawachukia wote walioinua miguu sebuleni kwake.

Jumamosi Sementi akaja na gari. "Nampeleka kwangu. Wewe huna msimamo, kule tutamrudisha kwenye mstari."

"Mpeleke," Fundi akasema, akamfungashia mama begi kabla kaka hajabadili mawazo. Siku zile alilala usingizi mzito, akamaliza sketi zote, na kila alipopita kwenye chumba cha pili alichungulia kitanda kitupu, akajilaumu bila kujua kosa.

Wiki haikuisha. Gari likasimama tena nje, Sementi akamshusha mama taratibu, vifungo vya shati lake mwenyewe vikiwa vimekwenda upande. Wifi yake Fundi alibaki ndani ya gari, akitazama mbele.

"Yuko sawa sasa," Sementi akasema. "Tumesali naye vizuri sana."

"Sala gani?"

"Mwishoni alisema amina."

"Amina inasemwa kote kuwili, kaka."

Sementi akaweka begi chini, akasema dukani wanamsubiri. Fundi alipolifungua, harufu ikamkaribisha: nguo zote chafu, zimesokotwa zikiwa mbichi. Kwa kaka yake kulikuwa na watu wazima watatu na mashine ya kufulia.

Kwenye ibada Sementi akatangaza kwamba mama amerejea. Basi akina mama wakarudi siku yao, wanne, kwa vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. "Tumefurahi sana, Fundi! Mwenzetu tumempata!"

Fundi alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni. Alitaka kuwaambia kwamba mama hakwenda popote wala hakurudi, kwamba asubuhi ile ile, akiogeshwa, alikuwa amesali sala ya kwao mwanzo mpaka mwisho. Alitaka kuwauliza walikuwa wapi wiki zile. Aliwatazama wakipanga viti, akaona wangemjibu kwa hoja, na hoja alishazisikia zikamtosha.

"Amelala ubavu mmoja tangu asubuhi," akasema. "Kabla ya sala, nisaidieni kumgeuza. Na kuna nguo za kusuuza uani."

Vigelegele vikakoma. Mmoja akakumbuka mtoto anatoka shule. Mwingine mkono ulikuwa unamuuma tangu juzi. Wa tatu akasema atamsindikiza huyo wa kwanza. Akabaki mwenyekiti, mama mnene mwenye pumzi fupi, aliyevua saa yake na kuiweka juu ya cherehani.

"Nimshike wapi?" akauliza.

"Begani. Siyo hapo, chini kidogo."

Wakamgeuza. Mama akafumbua macho, akamuuliza mwenyekiti yeye ni nani, mwenyekiti akamwambia. Mama akasema hamjui, akalala tena. Fundi hakumshukuru yule mwanamke. Shukrani haikuja, bado alikuwa amekasirika. Alimwonyesha tu beseni lilipo, akarudi kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.